Nyutro inabeba nini hasa kwenye umeme wa njia tatu

"Fundi, shikamoo. Taa za vyumbani zimefifia kama kibatari, ila za jikoni zinawaka mpaka macho yanauma."

"Marahaba. Zima meni swichi sasa hivi, kisha chomoa friji na televisheni. Mengine tutaongea nikifika."

Maelezo ya namna hiyo yakija kwa simu, ugonjwa umeshajitaja wenyewe. Umeme ukija mdogo kutoka kwenye transfoma, taa za fezi husika (fezi ni waya unaoleta umeme) hufifia na hakuna taa inayozidi. Zikififia upande mmoja na kung'aa kupita kiasi upande mwingine, nyutro, waya unaorudisha mkondo, imelegea au imekatika mahali fulani kati ya transfoma na bodi. Ajabu ni kwamba huu ndio waya ambao mafundi wengi huuangalia mwisho wanapotafuta hitilafu, na ndio wa kwanza kupunguzwa unene bajeti ya mteja inapobana.

Kwenye njia moja hesabu ni nyepesi: ampia 10 zikienda kwa fezi, ampia 10 zinarudi kwa nyutro. Ukiihamishia hesabu hiyo kwenye njia tatu itakudanganya, kwa sababu fezi tatu hazipandi na kushuka kwa wakati mmoja. Umeme wetu ni wa hezi 50. Wimbi moja zima huchukua milisekunde 20, na kila fezi huchelewa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya muda huo, karibu milisekunde 6.7. Fezi moja inapokuwa kileleni inasukuma kwa nguvu zake zote, nyingine mbili zinavuta, kila moja kwa nusu ya nguvu hiyo. Mkondo uliotoka kwa moja unarudi kupitia hizo mbili, na nyutro inabaki haina kazi.

Piga picha ya pete iliyofungwa kamba tatu, na watu watatu wameizunguka kwa nafasi sawa, kila mmoja anavuta upande wake. Wakivuta sawasawa, pete haisogei. Mmoja akizidisha, pete inataka kumfuata, na kinachoizuia ni kigingi kilichosimikwa katikati yake. Nyutro ndiyo kigingi hicho. Kinachokielemea ni tofauti ya mivuto, wala si jumla yake. Ishike picha hiyo, maana tutaihitaji tena kigingi kikivunjika.

Kuipata tofauti hiyo kwa namba hakuhitaji zaidi ya simu yenye kikokotoo. Chukua ampia za fezi tatu. Piga kila namba kwa yenyewe, jumlisha. Kisha zidisha namba hizo mbilimbili, ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, ya tatu kwa ya kwanza, na majibu hayo yatoe kwenye jumla ya mwanzo. Kipeuo cha pili cha kinachobaki ndicho mkondo wa nyutro. Tuseme nyekundu ina 40, njano 25, bluu 10. Miraba ni 1,600 na 625 na 100, jumla 2,325. Mazao ni 1,000 na 250 na 400, jumla 1,650. Zinabaki 675, na kipeuo chake ni 26. Nyutro inabeba ampia 26. Si 75, wala si 30 ambayo wengi huipata kwa kutoa kubwa kwa ndogo.

Jaribu na 30, 0, 0: jibu 30. Jaribu na 30, 30, 0: jibu bado 30. Hapo ndipo watu hushangaa, lakini ndivyo ilivyo. Kwa mizigo ya kawaida kama hita, pasi na jiko, nyutro haiwezi kuzidi fezi iliyobeba zaidi. Nyutro yenye unene sawa na fezi inatosha kwa mizigo hiyo. Kwa mingine haitoshi, na tutafika huko.

Vyumba vya gesti

Chukua gesti ya vyumba tisa Moshi, kila chumba na shawa ya umeme ya kilowati 5.5. Shawa moja inavuta karibu ampia 24. Fundi amegawa vyumba vitatu kwa kila fezi, na kwenye karatasi mizigo iko sawa kabisa: namba 1 hadi 3 nyekundu, 4 hadi 6 njano, 7 hadi 9 bluu. Jioni linafika kundi la watalii walioteremka mlimani kupitia Mweka, na mapokezi wanawapa vyumba vya mfululizo, 1 hadi 4. Wote wanakimbilia bafuni kwa wakati mmoja. Nyekundu ina ampia 72, njano 24, bluu sifuri. Kokotoa: nyutro ina ampia 63.5.

Sasa gawa kwa kupishanisha, chumba cha 1 nyekundu, cha 2 njano, cha 3 bluu, cha 4 nyekundu tena, uendelee hivyo. Watalii walewale, shawa zilezile nne: 48, 24, 24. Nyutro inashuka hadi ampia 24. Hujanunua hata mita moja ya waya zaidi. Umebadilisha tu mahali pa kufunga waya kwenye bodi.

Tofauti hiyo ina bei. Kama kutoka mita ya LUKU hadi bodi kuna mita 30 za shaba ya milimita 16 za mraba, nyutro ya ampia 63.5 inapoteza volti 2.2 na kutoa joto la wati kama 140 ndani ya bomba. Ikiwa na ampia 24, joto ni wati 20. Joto hilo linatokea baada ya mita, kwa hiyo linalipiwa na mwenye gesti.

Ndiyo maana kuhesabu breka si kusawazisha mizigo. Breka sita kila upande zinaonekana vizuri kwenye picha ya kumtumia mteja, lakini swali ni nani anawasha nini, saa ngapi. Saluni yenye drai tatu za nywele haipaswi kuwa na drai zote kwenye fezi moja. Hita ya maji na jiko la umeme visikae pamoja. Baridi ya Juni na Julai Arusha hupanga mizigo upya kabisa, kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa Januari saa nne asubuhi havikuambii kitu kuhusu Julai saa moja usiku.

Mota za mashine za kusaga, kama zile za mtaa wa Unga Ltd, Arusha, haziingii kwenye hesabu hii. Mota ya njia tatu haina waya wa nyutro. Mkondo wake unajimaliza kwenye fezi tatu. Mashine ya kuchomelea ya volti 400 inayofungwa kati ya fezi mbili ni vivyo hivyo. Ile ya volti 230 ndiyo inayoisumbua nyutro.

Kokotoa, pima, linganisha

Kukokotoa peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni klampu mita, ile inayozungushiwa waya ikapima mkondo bila kuukata, na faida kubwa inatoka kwenye tofauti kati ya hesabu na kipimo. Tumia mita iliyoandikwa TRUE RMS, yaani ya thamani halisi. Za bei ndogo hukadiria kana kwamba wimbi ni laini, na kwenye mizigo ya kompyuta na taa za LED husoma pungufu, tena pungufu kwa kiasi cha kukutia moyo usiostahili kuwa nao. Kazi hii inafanywa bodi ikiwa wazi na umeme ukiwa hewani, kwa hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mita ya daraja la usalama la CAT III.

Washa mizigo ya kawaida ya wakati wa pilikapilika. Zungushia klampu fezi moja baada ya nyingine, kisha nyutro, uandike namba nne bila kuchelewa kabla mtu hajawasha au kuzima kitu. Mwisho kusanya nyaya zote nne ndani ya klampu kwa pamoja. Namba hiyo ya tano inapaswa kuwa sifuri au chembe tu.

Hesabu ikisema 26 na klampu ikasema 25 au 27, funga bodi.

Klampu ikizidi hesabu kwa mbali, kwa mfano fezi zina 22, 23 na 23, hesabu inadai ampia 1, lakini nyutro inaonyesha 30, kuna mambo mawili ya kushuku. La kwanza ni hamoniki, ambazo nitazieleza chini. La pili ni nyutro ya kuazima: kuna sakiti ya bodi nyingine inayorudisha mkondo wake hapa. Kuyatenganisha ni rahisi. Zima breka zote ndogo za bodi hii, kisha pima nyutro tena. Fezi ziko sifuri na nyutro bado ina mkondo? Kuna jirani humo. Nyutro ya kuazima huzaliwa sana kwenye swichi za ngazi na kwenye nyumba zilizoongezwa vyumba, fundi wa pili anapochukua fezi mahali pamoja na nyutro mahali palipokuwa karibu.

Klampu ikipungua ndipo pa kutisha. Hesabu inadai 26, nyutro ina 9. Zile 17 zimerudi kwa njia gani? Zungushia waya wa ethi, unaokwenda ardhini, na utazikuta, au kwenye bomba la chuma la maji. Mtu ameunganisha nyutro na ethi mahali pasipostahili, pengine nyuma ya soketi, pengine kwa sababu nyutro ya chumba ilikatika ukutani na akaona ethi ipo karibu. Taa ikawaka, akalipwa, akaondoka. Siku waya huo wa ethi ukikatika, mabati ya friji, mwili wa shawa na bomba vyote vinashika umeme kupitia mizigo iliyowashwa. RCD, kifaa kinachokata umeme mkondo unapovuja nje ya njia yake, ingeruka mara moja kwa kosa kama hilo. Ukikuta kosa lipo na RCD haijaruka, tafuta kiungo kilichoipita pembeni, kwa sababu kuna aliyeamua kwamba RCD inayoruka ni mbovu. Mara nyingi RCD ni nzima na anayeitukana ndiye aliyekosea.

Kuna kisa kimoja kinachoweza kuiharibu hesabu bila kosa la mtu. Kanuni ile inadhani mizigo yote ina pawa fakta inayofanana. Taa za tyubu za zamani zenye choki, kapasita zake zikiwa zimekufa au zimeng'olewa, zina pawa fakta ya karibu 0.5, yaani mkondo wake unachelewa nyuzi 60 nyuma ya volti. Weka ampia 20 za taa hizo kwenye fezi moja na ampia 20 za hita kwenye kila fezi mbili zilizobaki. Klampu inasoma 20, 20, 20, mizani kamili machoni. Nyutro ina ampia 20. Mmoja wa wavuta kamba anavuta kwa nguvu ileile lakini amesogea kando ya nafasi yake.

Hezi 150

Kompyuta, chaja, televisheni na taa za LED hazivuti mkondo kwa wimbi laini. Ndani yake kuna diodi zinazojaza kapasita, na kapasita hujazwa tu volti inapokuwa karibu na kilele. Kifaa kinang'ata mkondo kileleni na kukaa kimya muda uliobaki. Mng'ato huo ukiuchambua, unakuta wimbi la hezi 50 na juu yake mawimbi mengine ya kasi zaidi, ambayo ndiyo hamoniki. Inayotuhusu kuliko zote ni ya tatu, hezi 150.

Kumbuka zile milisekunde 6.7 za kuchelewa kati ya fezi na fezi. Wimbi zima la hezi 150 huchukua milisekunde 6.7 hizohizo. Kwa hiyo fezi ya pili inapochelewa, wimbi lake la hezi 150 limekwisha zunguka mara moja kamili na linaanza sambamba na la fezi ya kwanza. La fezi ya tatu hali kadhalika. Kamba zote tatu zinavuta juu kwa pamoja, na hakuna wa kumpinga mwenzake. Kwenye hezi 50 mikondo inafutana. Kwenye hezi 150 inajumlishana, na jumla yote inapita kwenye nyutro. Hamoniki ya 9 na ya 15 zina tabia hiyohiyo ingawa ni ndogo.

Chukua chumba cha kompyuta ambacho kila fezi ina ampia 20 za hezi 50 na ampia 12 za hezi 150. Mita ya thamani halisi itasoma ampia 23.3 kwa kila fezi. Nyutro itakuwa na ampia 36. Breka ni ya 25, waya ni wa milimita 4 za mraba ndani ya bomba, ambao ukibeba fezi tatu unaruhusiwa kama ampia 28. Breka zimetulia kwa sababu zinaangalia fezi, na fezi hazina tatizo. Nyutro inapikika ndani ya bomba na hakuna kifaa chochote kwenye bodi kinachoiangalia. Kuweka fyuzi kwenye nyutro si dawa: fyuzi ikikatika peke yake umetengeneza janga la sehemu inayofuata.

Kusawazisha mizigo hapa hakusaidii hata chembe. Ukishasawazisha vizuri zaidi, kinachobaki kwenye nyutro ni hezi 150 tupu.

Kinachosaidia ni kila sakiti kuwa na nyutro yake kutoka kwenye bodi, badala ya fezi tatu kugawana nyutro moja ili kuokoa waya, na nyaya kuu kuchaguliwa kwa kuitazama nyutro. Kanuni ya IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha ufungaji wa umeme, ni hii: hamoniki ya tatu ikiwa chini ya asilimia 15 ya mkondo wa fezi, endelea kama kawaida. Kati ya 15 na 33, gawa mkondo wa fezi kwa 0.86 kabla ya kuchagua kebo, kwa sababu sasa nyaya nne zinatoa joto kwenye kebo iliyopimwa kwa tatu. Kati ya 33 na 45, nyutro ndiyo inayotawala: fezi ya ampia 30 yenye asilimia 40 inaipa nyutro 30 mara 0.4 mara 3, yaani 36. Gawa kwa 0.86 upate 42. Kebo inachaguliwa kwa ampia 42, si 30. Zaidi ya 45, chagua kwa mkondo wa nyutro bila kugawa. Kebo ya koa tatu na nusu, ile ambayo nyutro yake ina karibu nusu ya unene wa fezi, isipelekwe kwenye jengo la ofisi wala stesheneri kubwa hata kama muuzaji anapunguza bei. Ilitengenezwa kwa dunia ya mota na hita.

Kigingi kikivunjika

Nyutro ikikatika, pete iko huru na inamfuata anayevuta zaidi. Kiumeme, katikati ya mizigo inasogea kuelekea fezi yenye mzigo mkubwa. Volti za fezi hiyo zinashuka, za wengine zinapanda. Nyekundu ikiwa na wati 2,000, njano 500 na bluu 500, nyekundu inashuka hadi volti 115, na njano na bluu zinapanda hadi 304 kila moja. Mizigo ikiwa kwenye fezi mbili tu ni mbaya zaidi: jagi la umeme la wati 2,000 na televisheni ya wati 100 sasa vimefungwa kwa mfululizo kwenye volti 400. Jagi linapata 19, televisheni inapata 381. Jagi halichemshi maji, na televisheni haipo tena.

Watu hudhani aliyewasha vitu vingi ndiye ataunguliwa. Ni kinyume chake. Mwenye jiko na hita anaona taa zimefifia. Anayeungua ni yule aliyeacha chaja ya simu na king'amuzi tu.

Huko vihambani, laini inapita katikati ya migomba na miti, na masika ya Machi hadi Mei huleta matawi. Tawi likikata nyutro peke yake kwenye nguzo, nyumba zote za mbele zinageuka pete moja isiyo na kigingi, hata zile za njia moja, kwa kuwa kila nyumba imefungwa kwenye fezi yake na nyutro ni ya wote. Hitilafu ya upande huo, kuanzia nguzo hadi kwenye mita yenye lakiri, ni ya kuripoti TANESCO. Kazi yako ni kuzima meni swichi ya nguzo nne (four-pole), inayokata nyutro pamoja na fezi.

Kuthibitisha kunachukua dakika mbili. Pima fezi kwa fezi: zote tatu karibu 400. Pima fezi kwa nyutro: 170, 290, 250, na zinabadilika ukiwasha pasi. Fezi kwa fezi nzima, fezi kwa nyutro zinayumba: ni nyutro, usitafute kingine. Kwenye mashine ya kusaga dalili ni kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) inayotetemeka na kubweka, kwa sababu mota haihitaji nyutro lakini koili ya volti 230 inaihitaji.

Na jambo la uhai: nyutro iliyokatika ina umeme upande wa mizigo. Ukiichomoa kwenye baa huku taa zimewashwa, ukashika waya kwa mkono mmoja na baa kwa mwingine, wewe ndiye nyutro.

Skrubu

Mara nyingi pa kukatikia si katikati ya waya bali kwenye kiungo. Fungua bodi yenye tatizo uitazame baa ya nyutro kwa karibu. Ganda la bluu au jeusi limekuwa na rangi ya chai kwa sentimita tatu za mwisho, limekakamaa, ukilibonyeza linapasuka. Shaba imekuwa nyeusi badala ya kung'aa. Skrubu ina ukungu wa kijani. Pana harufu inayofanana na samaki aliyekaa, ambayo ndiyo harufu ya plastiki ngumu ya umeme iliyopata joto.

Mwendo ni mmoja. Kiungo kimelegea kidogo, ukinzani wake unapanda, joto linapanda, chuma kinatanuka na kusinyaa kila jioni, kinalegea zaidi. Kukaza tu skrubu juu ya shaba iliyoungua ni kuahirisha. Zima meni, hakikisha kwa mita kwamba fezi zote na nyutro yenyewe hazina umeme dhidi ya ethi, kisha kata waya mpaka uifikie shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita tano. Menya upya. Skrubu ibane shaba na si ganda. Usiweke nyaya mbili za unene tofauti chini ya skrubu moja, kwa sababu mnene ndio unaobanwa na mwembamba unachezacheza. Usilehemu ncha za waya wa nyuzi nyingi kabla ya kufunga. Risasi hujisogeza taratibu chini ya skrubu na kuacha nafasi. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji kwenye terminali, ukitumia bisibisi ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kisha vuta waya kwa mkono.

Aluminiamu ya kutoka kwenye nguzo ikikutana na shaba, tumia kiunganishi cha metali mbili. Ukizisokota pamoja na kufunga tepu, unyevu wa masika unageuza kiungo hicho kuwa betri ndogo na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Aluminiamu pia ina utando mgumu usiopitisha umeme, kwa hiyo ipigwe brashi ya waya na kupakwa grisi yake papo hapo kabla haijafungwa. Rudi baada ya mwezi ukaze tena.

Na angalia rangi kabla ya kukata chochote. Kwenye mfumo wa zamani nyutro ni nyeusi na bluu ni fezi. Kwenye mpya nyutro ni bluu, na nyeusi ni fezi, pamoja na kahawia na kijivu. Nyumba iliyojengwa kwa awamu ina mifumo yote miwili ndani ya bodi moja. Mita ndiyo ya kuaminiwa.

Jenereta ya njia moja kwenye bodi ya njia tatu

Hili lina sehemu yake kwa sababu limeenea sana kwenye gesti na maduka. Umeme ukikatika, jenereta ya njia moja, tuseme kVA 15 yenye uwezo wa ampia 65, inalisha fezi zote tatu kupitia chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta), ambapo terminali tatu za upande wa jenereta zimeunganishwa kwa vipande vya waya. Taa zinawaka nyumba nzima na kila mtu ameridhika.

Nyutro haijaridhika. Kwa umeme wa TANESCO, 20, 20 na 20 zinaipa sifuri. Kwa jenereta, fezi tatu sasa ni fezi moja. Zinapanda na kushuka pamoja, hakuna kinachofutana, na nyutro inabeba 60. Waya mkuu huenda ukavumilia. Pasipovumilia ni kwenye sakiti zilizogawana nyutro: ampia 15 kutoka kila fezi zinakutana kwenye waya mmoja wa milimita 2.5 za mraba, jumla 45, na kila breka inaona 15 zake tu. Kama huna uhakika kwamba kila sakiti ina nyutro yake, lisha fezi moja pekee kutoka kwenye jenereta, yenye taa, friji na mapokezi, na zilizobaki ziache giza.

Mota ya njia tatu iliyopo kwenye bodi hiyo haitazunguka wala kuunguruma, maana kati ya fezi na fezi hakuna volti. Kontakta yake itavuta vizuri kwa sababu koili imepata 230 zake, na mtumiaji atakwambia stata ni mbovu.

Chenjiova ikiwa ya nguzo nne, inaitenga nyutro ya TANESCO pamoja na muunganiko wake na ardhi kule kwenye transfoma. Nyutro ya jenereta isipounganishwa na ethi, RCD za nyumba nzima hazitaruka hata fezi ikigusa bati, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi kupitia ardhini. Unganisha nyutro hiyo na ethi mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe, kabla ya RCD yoyote, kisha bonyeza kitufe cha T cha kila RCD. Halafu ijaribu RCD kwa mita yake maalumu jenereta ikiwa inanguruma, kwa kuwa kitufe cha T kinapima mashine ya RCD tu na hakijui kama ethi ipo.